Kaburi la mkimbizi huko Ravenna

Tangu nirudi Nakivale watu wananiuliza swali moja tu. Wananiuliza kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya posho, hata nje ya kanisa baada ya ibada: "Ulifika Ulaya, ukarudi? Kwa nini?" Wengine wanacheka. Wengine hawacheki kabisa. Mzee mmoja wa mtaa wetu wa New Congo alinishika mkono, akaniambia taratibu kama mtu anayetoa pole: "Mwanangu, ule mlango haufunguki mara mbili."

Nimemjibu kila mtu kwa namna yake. Hapa nataka kujibu mara moja kwa maandishi, ila jibu langu si fupi. Linapita katika mji mmoja wa Italia unaoitwa Ravenna, mji ambao nilikaa siku moja tu, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Na kabla ya kufika Ravenna, linaanzia hapa hapa kambini, kwenye kaburi la Papa.

Sisi ni watu wa Kiwanja, Rutshuru. Tulitoka mwaka 2012, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Tulipitia Bunagana, tukalala Nyakabande kule Kisoro, halafu basi likatuleta Nakivale. Papa alikuwa fundi cherehani. Alikimbia na kichwa cha cherehani mgongoni, meza yake akaiacha, akisema meza tutaikuta. Alikuwa amehesabu miezi mitatu. Alishona nguo za watu hapa kambini miaka saba, cherehani ikiwa juu ya meza ya mbao aliyoipiga misumari mwenyewe, na mwaka 2019 akafariki.

Tuliweka msalaba wa mti. Mchwa wakaula. Nikaweka wa pili, wakaula na huo. Nilipopata posho yangu ya kwanza ya kazi ya vijana nilinunua mfuko mmoja wa simenti, nikauleta nyumbani kwa boda nikijisikia mwanaume. Mama aliuangalia ule mfuko, hakuugusa. Akasema: "Simenti ni ya mtu mwenye kubaki. Papa yako habaki hapa."

Basi mfuko ukakaa kwenye kona ya nyumba. Mvua ikanyesha, unyevu ukaingia, simenti ikaganda ndani ya karatasi yake mpaka ikawa jiwe. Leo tunaikalia mlangoni.

Upande mwingine kuna papa mdogo, yuko Goma. Kila akipiga simu anamaliza na neno lile lile: "Mifupa ya kaka yangu mutaleta lini?" Anataka alazwe Kiwanja karibu na babu. Na Kiwanja yenyewe mnajua habari zake, watu wanaingia na kutoka kama maji kwenye chujio. Mimi nilikuwa katikati ya hao wawili, na msalaba wangu wa tatu nao ulikuwa umeanza kuliwa.

Nilikuwa katika hali hiyo niliposafiri.

Safari yenyewe ilikuwa ya mafunzo ya wanaofanya kazi na vijana, wiki moja mjini Bologna. Nilisafiri na hati ya kusafiria ya mkimbizi. Ndani yake imeandikwa kwamba inafaa kwa nchi zote isipokuwa nchi niliyotoka. Niliisoma ile sentensi pale uwanja wa ndege wa Entebbe zaidi ya mara tano. Maana yake naweza kwenda Italia kuangalia makaburi ya watu wengine, lakini Kiwanja, kwenye kaburi la babu, hapana.

Sitawaeleza mafunzo, hayo nawafundisha vijana wetu kila Jumatano. Nieleze Alhamisi tu. Siku hiyo kila mtu alijitambulisha upya, na mimi nikasema naishi kambini Uganda, mimi ni mkimbizi kutoka Kongo. Mwenyeji wetu mmoja, mama wa makamo aliyewahi kuwa mwalimu, akanifuata wakati wa kahawa. Kwa Kiingereza cha polepole akaniambia: "Jumamosi hakuna masomo. Twende wote Ravenna. Nitakuonyesha mkimbizi wetu."

Nilidhani ni mtu aliye hai. Nilidhani ni kijana wa Afrika aliyeshuka kwenye meli, maana tangu mwisho wa mwaka 2022 meli za uokoaji zimekuwa zikishusha watu katika bandari ya Ravenna. Usiku ule nikajiandaa cha kumwambia. Nikafikiria hata nimpelekee nini.

Jumamosi tukapanda treni. Kutoka Bologna ni zaidi ya saa moja, na njia yote ni tambarare. Sisi watu wa Rutshuru tumezoea volkano ikikuangalia popote ulipo, sasa mahali pasipo na mlima hata mmoja panakuchanganya, hujui ugeukie wapi. Nje kulikuwa na mashamba ya mizabibu na ya matunda, na mvua nyembamba ya mwezi wa kumi. Mwalimu akanieleza kwamba zamani eneo la Ravenna lilizungukwa na vinamasi. Mwaka 402 Kaisari Honorius aliuhamishia huko mji mkuu wa dola ya Roma ya Magharibi kutoka Milan, kwa sababu maadui walikuwa wamekaribia na vinamasi vingewazuia. Nikamwambia, "Kumbe hata Kaisari alikuja huku akikimbia." Akafikiri kidogo, akasema ndiyo, ukitaka kusema hivyo, alikimbia.

Kitu cha kwanza alichonionyesha ni nyumba ndogo ya matofali, ndogo kweli, ukiipita kwa nje unaweza kudhani ni stoo ya kanisa. Inaitwa kaburi la Galla Placidia. Huyo alikuwa dada wa Honorius. Wagothi walipouvamia mji wa Roma mwaka 410 walimchukua mateka, akatembezwa nao nchi kwa nchi kwa miaka. Baadaye akarudi, na akaja kutawala dola kwa niaba ya mwanawe aliyekuwa bado mtoto.

Wanaingiza watu wachache wachache, mnapewa dakika chache, mnatoka. Ndani ni giza. Madirisha hayana kioo, yana mawe membamba ya alabasta yanayopitisha mwanga wa rangi ya asali. Halafu macho yakizoea, unaona juu. Dari lote ni bluu ya usiku, na juu ya hiyo bluu kuna mamia ya nyota za dhahabu zinazozunguka msalaba. Si rangi ya kupaka. Ni vipande vidogo vidogo vya kioo na mawe, kila kimoja kimepangwa kwa mkono, na vimeshika pale karibu miaka 1,600. Mosaiki. Nilikumbuka usiku wa Nakivale, umeme wa jua wa majirani ukishazimika na ziwa likitulia, nyota zinavyoshuka chini. Nilitaka kukaa zaidi lakini muda ulikuwa umeisha.

Tulipotoka mwalimu akaniambia, kama mtu anayeomba radhi, kwamba mwenyewe Galla Placidia huenda hakuzikwa humo. Alifia Roma mwaka 450. Kwa hiyo hilo ni kaburi zuri kuliko yote niliyowahi kuona, na mwenyewe pengine hayumo.

Hatua chache kutoka hapo ni kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547. Ukutani, upande huu na upande huu wa madhabahu, wamesimama Kaisari Justinian na mkewe Theodora pamoja na watu wao, wamevaa dhahabu, wanakuangalia machoni. Nao hawakuwahi kukanyaga Ravenna. Waliutawala huu mji wakiwa mbali, Konstantinopoli. Wageni walikuwa wanapiga picha. Mimi nikawaza wale wakubwa wa mashirika ambao picha zao ziko kwenye ofisi zetu kambini, wametundikwa ukutani, na sisi hatujawahi kuwaona hata siku moja.

Saa sita tukala. Sasa hapa nitasema ukweli: watu wa Ravenna wanakula chapati. Wanaiita piadina. Ni unga, chumvi na mafuta, inachomwa kwenye bamba la moto, halafu wanaikunja na jibini laini ndani. Kwa kawaida wanatia mafuta ya nguruwe. Nilipomwonyesha mwalimu kwenye simu picha ya chapati za Mama, akamwita mwenye duka aje aone. Yule mama wa duka akaangalia vizuri, akasema, "Nene kidogo." Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Italia kwamba mtu ananisahihisha kama mtoto wa nyumbani, nikafurahi.

Baada ya chakula tukaingia kanisa la Sant'Apollinare Nuovo. Hili lilijengwa na Theodoric, mfalme wa Wagothi, aliyeitawala Italia kutoka Ravenna mpaka alipofariki mwaka 526. Ukutani kuna picha ya ikulu yake yenye nguzo na matao. Zamani katikati ya zile nguzo kulikuwa na watu, na inaaminika mmoja alikuwa Theodoric mwenyewe na wengine ni watu wa ikulu yake. Mwaka 540 jeshi la Justinian liliuchukua mji, na baadaye wakubwa wapya wakaamua wale watu waondolewe. Mafundi wakavibandua vile vipande, kimoja kimoja, na mahali pa watu wakaweka mapazia meupe.

Mwalimu akaninyooshea kidole. "Angalia nguzo."

Kwenye nguzo kuna mikono. Mkono na vidole vyake, bila mtu. Wale watu walikuwa wameinua mikono yao mbele ya nguzo, na mafundi walipowafuta hawakuigusa ile sehemu. Labda ilikuwa kazi ngumu kutengeneza upya nguzo, labda walichoka, labda fundi mmoja aliiacha makusudi. Miaka karibu 1,500 sasa, watu wameondoka, mikono imebaki pale pale.

Nilisimama chini ya ile picha mpaka shingo ikauma. Kiwanja, nyumba yetu ilikuwa na mlango wa bluu ambao Papa aliupaka rangi mwenyewe, na kabla rangi haijakauka mimi nikaugusa. Alama ya mkono wangu ilibaki chini upande wa kulia. Papa hakunipiga. Alisema, "Acha ikae, tujue ni nyumba ya nani." Sijui nyumba ile leo anaishi nani. Lakini pale Ravenna niliwaza mkono wangu kwenye mlango ule, na machozi yakanitoka. Mwalimu akajifanya anasoma kitabu cha maelezo.

Kaburi la Theodoric nalo lipo, nje kidogo ya katikati ya mji. Ni jengo la mawe makubwa, na paa lake ni jiwe moja tu, upana kama mita 10. Hawajakubaliana vizuri lilipandishwaje. Ndani, juu, kuna kitu kama beseni kubwa la jiwe jekundu, na hakuna mtu ndani. Mifupa ilitoweka zamani. Nikamwambia mwalimu kwamba huu mji wao una makaburi mazuri na hauna maiti. Akacheka akasema, "Ndiyo maana yule mmoja tunamlinda sana."

Ndipo akanipeleka kwa mkimbizi wao.

Ni kichumba cheupe mwisho wa njia nyembamba, kilijengwa miaka ya 1780 na 1781. Kuingia ni bure. Ndani kuna jeneza la jiwe, na juu ya jeneza kuna sura ya mtu ameinamia kitabu, mkono umeshika kidevu. Darini inaning'inia taa inayowaka. Huyo mtu ni Dante Alighieri, mshairi ambaye Waitaliano wanamchukulia kama baba wa lugha yao.

Nilikuwa nimesikia jina lake. Sikujua kwamba ni mwenzetu.

Dante alizaliwa Florence mwaka 1265. Alikuwa kiongozi katika mji wake, na upande wake wa siasa uliposhindwa, mwaka 1302 alihukumiwa hayupo, wakasema ni mla rushwa. Hakwenda kujibu. Wiki chache baadaye wakaongeza: akikamatwa ndani ya eneo la Florence, achomwe moto. Basi hakurudi tena. Miaka karibu ishirini alizunguka kwa watu, akila kwa huyu, akilala kwa yule, akiwaandikia barua zao ili apate riziki. Mkewe alibaki Florence. Mwaka 1315 mji wake ukatoa msamaha wenye masharti: alipe faini, aje akiri kosa hadharani, ndipo arudi. Hapa nawaambia ndugu zangu wa mashirika mnaosoma jarida hili: hiyo ilikuwa kurudi kwa hiari ya miaka ile. Dante aliwaangalia masharti yao, akakataa. Wakamhukumu tena kufa, safari hii pamoja na wanawe.

Ravenna ndiyo iliyompa nyumba. Bwana wa mji, Guido Novello da Polenta, alimpokea, watoto wake wakamfuata, na huko akamaliza shairi lake kubwa, lile la safari ya kuzimu, toharani na peponi. Mwaka 1321 Guido alimtuma Venice kama balozi. Aliporudi alikuwa mgonjwa. Alifariki usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Septemba, akiwa na miaka 56. Wanasema ni malaria, kwa sababu ya vile vinamasi.

Nilimuuliza mwalimu mara mbili kama ni malaria kweli. Mimi nilidhani wafu wakubwa wa Ulaya wanauawa kwa upanga. Kumbe huyu alikufa ugenini kwa mbu, kama watu wetu.

Halafu ndiyo akanieleza habari ya mifupa, na hapo ndipo nilipokaa chini.

Dante alipokwisha kufa na jina lake likakua, Florence wakaanza kuomba wapewe mifupa. Ravenna wakakataa. Wakaomba tena, wakakataliwa. Mwaka 1519 Papa wa Roma alikuwa Leo wa Kumi, mtoto wa familia ya Medici ya Florence, na yeye akaruhusu. Michelangelo mwenyewe alitia saini ombi lile na kusema atachonga kaburi. Wajumbe wakafika Ravenna, jeneza likafunguliwa. Tupu.

Watawa wa kanisa la jirani la San Francesco walikuwa wametoboa ukuta upande wao, wakatoboa na jeneza, wakamtoa Dante kimya kimya na kumficha. Wakanyamaza. Na watawa waliofuata wakanyamaza. Kaburi likakaa tupu na watu wakaendelea kuliheshimu. Mwaka 1865 mafundi waliokuwa wakifanya matengenezo wakakuta sanduku la mbao ndani ya ukuta, lina mifupa, na maandishi ya mtawa wa mwaka 1677 yakisema ni ya Dante. Ndipo akarudishwa kwenye jeneza lake.

Hata hapo hakupumzika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1944, kwa hofu ya mabomu, walimtoa tena wakamfukia kwenye udongo wa bustani hatua chache kutoka hapo, mpaka vita vikaisha mwaka 1945. Kile kichuguu bado kipo, kimefunikwa na majani mabichi. Nilisimama mbele yake. Ni kifusi cha udongo tu, urefu wake hautofautiani sana na kile cha Papa.

"Na Florence?" nikauliza.

Mwalimu akasema Florence walijenga kaburi kubwa la Dante katika kanisa lao la Santa Croce, tangu mwaka 1829. Halina mtu. Na mwaka 2008 baraza la mji lilipiga kura kuifuta ile hukumu. Halafu akanyoosha kidole kuelekea ile taa. Mafuta yanayowaka pale yanatoka Toscana, mkoa wa Florence. Kila mwaka mwezi wa Septemba, wakati wa kumbukumbu ya kifo chake, watu wa Florence wanasafiri mpaka Ravenna na kuyaleta. Wiki chache kabla yangu walikuwa wamefika.

Hapo pembeni kuna kanisa lenyewe la San Francesco, alikosaliwa Dante siku ya maziko. Chini yake kuna chumba ambacho sakafu yake imefunikwa na maji, na ndani ya yale maji samaki wadogo wanaogelea juu ya mosaiki. Unatumbukiza sarafu, taa inawaka, unaona. Sarafu ikiisha, giza. Niliwaangalia samaki kwa sarafu mbili.

Jioni, stesheni, wakati mwalimu amekwenda kununua maji, kijana mmoja mweusi mwenye begi la soksi na miavuli ya kuuza akanisogelea. Ni wa Guinea. Tukaongea Kifaransa changu cha utotoni.

"Ulipitia Libya?"

"Hapana, nimekuja na ndege."

Alicheka sana. Akaomba aione hati yangu, nikampa, akaifungua ukurasa kwa ukurasa kwa vidole safi. "Na unarudi?"

Nitasema ukweli, maana bila huo andiko hili halina faida. Nilikuwa na namba kwenye simu. Rafiki wa Papa yuko Ubelgiji, na alikuwa ameniambia: ukifika Italia, usirudi, nipigie tu. Wiki nzima ile namba ilikuwa inanichoma mfukoni. Kwa hiyo nilimwambia yule kijana, "Sijui."

Akanirudishia hati. Hakunishauri kitu. Alisema tu kwamba baba yake alifariki akiwa yeye yuko baharini, na hajui wamemlaza upande gani wa makaburi. Halafu treni ikaja.

Ndiyo hiyo sababu, au sehemu yake. Kule Ravenna niliona mji mzima, kuanzia watawa mpaka wanaoshika funguo leo, unajua mkimbizi wake amelala wapi. Na mimi nilikuwa na Papa chini ya msalaba ulioliwa na mchwa, na mtu pekee wa kubadilisha ule msalaba alikuwa mimi. Ile namba ya Ubelgiji sikuipiga. Siku nyingine najuta kidogo, sitawadanganya.

Niliporudi, nilimweleza Mama habari yote usiku, mimi nikiwa nimekaa kwenye ile simenti iliyoganda. Alisikiliza akichambua maharage.

"Na ule mji ulimufukuza, uliomba musamaha?"

"Ulifuta hukumu mwaka 2008."

"Nyuma ya miaka ngapi?"

"Mia saba na sita."

Akahesabu maharage kidogo. "Sisi tuko na kumi na tatu. Tungali batoto."

Halafu akaniambia nirudie pale pa watawa na ukuta. Nikarudia. Wajumbe wanatoka mbali, na barua ya Papa wa Roma mkononi, wanafungua, hakuna mtu. Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tumzike Papa.

Wiki moja ikapita bila neno. Asubuhi moja akasema, akiwa amenipa mgongo: "Enda ununue simenti."

"Na Kiwanja je?"

"Siku ya kurudi ikifika, simenti inavunjwa. Si bale balivunja ukuta?" Akanigeukia. "Na papa mudogo yako akiuliza mifupa, umwambie kwanza alete mafuta."

Papa mdogo alipiga Jumapili, akauliza kama kawaida. Nikamwambia alivyosema Mama. Akanyamaza, akadhani ni matusi. "Mafuta gani?" Nikamweleza Dante wote, toka Florence mpaka malaria, mpaka salio lake likaisha. Hakupiga tena siku kadhaa, nikaogopa nimevunja undugu. Halafu ikaingia pesa kwenye simu, sawa na dola kumi, na ujumbe wa neno moja: Mafuta.

Tulizitumia kwa simenti. Vijana wa kikundi chetu walichota maji na mchanga, sisi tukasawazisha. Nilitaka kuandika maneno makubwa, Mama akakataa. Akasema niandike jina, na chini yake "fundi cherehani", na chini kabisa miji miwili, Kiwanja na Nakivale. Niliandika kwa msumari kabla haijakauka. Mdogo wangu wa mwisho akaweka kiganja kwenye kona. Nilitaka kukifuta, nikaacha.

Lile jiwe la zamani bado liko mlangoni kwetu. Ukija kuniuliza kwa nini nilirudi, kaa hapo. Mama atakupa chai, na atakusimulia habari ya watawa vizuri kuliko mimi.